Laini Iliyoamka Yenyewe

Jumatatu, 6 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na umeme umekatika kabla matone hayajafika chini. Mama Unga, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni, alipiga simu hata sijakaa vizuri kwenye kiti. "Nyinyi watu mnaogopa mvua kuliko paka." Nikamwambia laini ya soko imeangukiwa na tawi na mafundi wako njiani. Akasema mafundi wetu wako njiani tangu azaliwe.

Ndivyo masika yanavyoanza kwangu kila mwaka. Mwaka huu nimeamua kuyaandika, maana mvua zikiisha watu wa ofisini husimulia mambo ambayo hayakutokea, na wale waliokuwa wamejificha ndio wanaongoza kwa kusimulia.

Wanangu wakisoma hapa siku moja, wajue mama yao alikuwa akifanya nini kutwa. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye ushirika wetu wa umeme. Ni ushirika mdogo. Tunanunua umeme kwa shirika kubwa, tunaugawa mjini na vijiji vya jirani kwa laini zetu wenyewe. Fundi akitaka kupanda nguzo, mimi huizima laini kutoka kwenye kompyuta. Sisi tunasema kuilaza. Namwambia kwa redio, "Laini imelala, nimeilaza mimi," naye anarudia neno kwa neno, ndipo anapanda. Akishuka anasema mwenyewe kwa sauti yake, ndipo naiamsha. Aliyeilaza ndiye anayeiamsha, hata kama zamu yake imeisha na watoto wanamsubiri. Kanuni hiyo hatukuitoa kitabuni. Ilianzishwa na mafundi wa kwanza kabisa, baada ya mazishi ya mwenzao.

Mmoja wa mafundi wa sasa ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Wenzake wanamwita Kima. Anapanda nguzo kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Jumanne, 14 Machi

Kikao. Meneja kaja na tai mpya na habari njema: serikali imetenga ruzuku kwa mashirika madogo ya umeme kama letu ili yajikinge na wadukuzi, hao watu wanaoingia kwenye kompyuta za wenzao. Nilipiga makofi kwa moyo wangu wote. Kompyuta zetu ni za kuonea huruma.

Pembeni yake alikaa yule tunayemwita Mtaalamu, kutoka kampuni iliyotuuzia mitambo ya chumba chetu. Atatusaidia kuandika maombi. Nilimuuliza kama ruzuku itatuwezesha kuufunga ule mlango wake. Siku alipofunga mitambo alichomeka waya wa buluu unaotoka kwenye intaneti, ili awe anaingia na kurekebisha akiwa ofisini kwake, mji mwingine. Akabandika neno la siri kwenye fremu ya skrini, akatukataza kulibadilisha. Alinijibu kwa tabasamu, "Mama, hayo ni mambo ya kiufundi." Na mimi nafanya kazi gani, ya kusuka mikeka?

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Umeme ulikwenda ukarudi. Mama Unga mara mbili.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Alhamisi, 23 Machi

Nitaandika kama yalivyotokea.

Asubuhi laini ya mtoni ilikatika waya. Kima na mwenzake wakaenda. Nikailaza laini, nikasema maneno yetu, akayarudia huku akitafuna kitu. Akapanda. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Naukumbuka mkono huo vizuri kwa sababu haukuwa karibu na kitu chochote.

Ule mshale wa kwenye skrini ukaanza kutembea wenyewe.

Ulitembea taratibu, kama mtu anayetafuta njia kwenye nyumba ngeni. Ukafika kwenye swichi ya laini ya mtoni. Ukabonyeza. Laini ikaamka.

Redio ikatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, kisha kimya. Nikaita, "Kima, jibu." Kimya. Nikaita tena. Nikamuona mama yetu machoni pangu, wazi kabisa, amekaa mkekani na kanga kichwani, na watu wanaingia.

Kisha sauti yake, ndogo: "Dada, ni wewe?"

"Si mimi."

"Nani basi?"

Mshale ulikuwa unarudi kwenye swichi ile ile. Nikainama chini ya meza, nikaukamata ule waya wa buluu nikauvuta mpaka kichwa chake kikavunjika. Mshale ukasimama. Nikatuma gari kituo cha kupozea umeme, mafundi wakaizima swichi kwa mkono na kutia kufuli.

Kilichomwokoa ni waya wa ardhi. Mafundi wetu kabla hawajagusa laini huitundikia waya mnene unaoshuka chini, umeme ukija kwa bahati mbaya uingie ardhini na swichi ijizime yenyewe. Wapo wanaouruka wakiwa na haraka. Kima hauruki. Ameungua nyusi tu.

Nililia chooni. Sasa nina hasira tu.

Ijumaa, 24 Machi

Meneja anaiita "hitilafu ndogo". Mtaalamu kaapa si yeye. Kaangalia kumbukumbu za kompyuta, kasema aliyeingia hakuvunja kitu. Alikuja na neno la siri kamili. Tukatazamana.

Halafu Meneja akafunga mlango. "Jambo hili liishie humu. Tukisema tumeingiliwa, ile ruzuku tuisahau. Nani atampa pesa mtu aliyeshindwa kulinda alichonacho? Na huo waya urudishwe leo."

Nikamwambia waya uko kwenye mkoba wangu, na mkoba unakwenda nyumbani.

Akasema anaweza kununua mwingine. Nikamwambia anunue, lakini siku atakapouchomeka apande nguzo yeye. Hakununua. Bado ananiogopa kidogo, na mimi nautumia woga huo maadamu upo.

Jumapili, 26 Machi

Nilikwenda kwa mama. Kima alikula kimya, bila nyusi, mama akimwongezea mboga kana kwamba nyusi zitaota kwa mboga. Nikawa naangalia ukuta ili nisimwangalie yeye.

Ukutani kuna kalenda ya ushirika. Kila mwanachama alipewa mwaka mpya. Ina picha yetu sote mbele ya skrini mpya: Meneja katikati na kifua mbele, mimi nimefumba jicho moja. Na juu ya bega langu, kwenye fremu ya skrini, kile kikaratasi cha Mtaalamu. Herufi kwa herufi. Nilikisoma kutoka nilipokaa, na miwani nimeiacha nyumbani.

Nilicheka mpaka mama akauliza kama nina homa. Neno la siri la umeme wetu limetundikwa kwenye kila nyumba yenye msumari. Liko kwa kinyozi. Liko buchani. Liko kwenye ukurasa wa intaneti wa ushirika, dunia nzima ilione, na chini yake Meneja kaandika: "Tunasonga mbele."

Kima hakucheka.

Jumatatu, 27 Machi

Nilimkuta Meneja amekaa chini ya kalenda yenyewe. Nilimwonyesha kwa kidole. Aligeuka, akasogea, akasoma, akakaa tena. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Kisha akafungua kinywa, huruma ikaisha: "Tuzikusanye kimyakimya. Tuseme zina kosa la tarehe."

Neno la siri nimelibadilisha mwenyewe. Lakini waya haurudi. Mlango bado ni wa Mtaalamu, na wa kila anayefanya kazi kwake, na wa kila atakayemwibia yeye. Tumerudi kwenye kazi za mikono: gari linakwenda kituoni, mtu anazima kwa mkono, anatia kufuli, anakaa hapo hapo na redio mpaka mwenzake ashuke nguzoni.

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua kubwa. Umeme wa soko ulichelewa mno kurudi. Mama Unga: "Mchana kutwa unga umelowa kwenye mashine. Wewe unakula mshahara, mimi nile nini?" Nikampa jibu baya.

Jumanne, 4 Aprili

Mama Unga.

Jumatano, 5 Aprili

Mama Unga, na kinyozi, na mtu ambaye hakujitaja ila alinitaja mimi na ukoo wangu wote.

Jumanne, 11 Aprili

Kima naye kanigeukia. Amerudi kutoka kituoni ametota, viatu vinalia maji. "Dada, unatunyeshea bure. Zamani ulibonyeza tu, sasa nakaa porini na mijusi." Mbele ya watu. Nikamwambia afadhali mvua. Akatupa koti kwenye kiti akatoka.

Iliniuma kuliko matusi yote ya wiki. Namlinda yeye, halafu ndiye anayenisema.

Jumamosi, 15 Aprili

Maombi ya ruzuku yako tayari. Yameandikwa vizuri mno. Nilipoyasoma nilitamani kufanya kazi kwenye ushirika huo unaoelezwa humo. Mahali pamoja panasema mfumo wetu haujawahi kuingiliwa na mtu yeyote, na chini yake msimamizi wa zamu atie saini.

Meneja alianza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ni nguzo ya ushirika, bila mimi hakuna kitu, watoto wangu wanaendeleaje na shule. Kisha, "Saini tu, mama. Ni karatasi."

"Karatasi haipandi nguzo," nikasema. "Wakija kutulinda wakidhani hatujaguswa, watalinda nini?"

"Pesa zenyewe si za kujilinda? Tukizipata tutajilinda."

"Kwa Mtaalamu, na mlango ukiwa wake."

Akasema taratibu kwamba wako wengi wanaotaka kiti changu, na kwamba msimu wa mvua si msimu mzuri wa kumwaga unga. Nikamwambia nimeanza kazi hii kwenye mvua na sijayeyuka. Nilisimama, nikatoka.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimesimamishwa. Kisa: ukaidi, na kuondoka na mali ya ofisi. Hiyo mali ni waya uliovunjika kichwa.

Jumanne, 18 Aprili

Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii. Mvua, hakikauki hata kimoja.

Alhamisi, 20 Aprili

Mwenzake Kima alikuja kunijulia hali. Anasema Meneja kanunua waya mpya wa buluu na kauchomeka mwenyewe, na mafundi wamekataa kupanda. Wamekaa chini ya nguzo, mikono kifuani. Meneja kawaita wakorofi. Wakamwambia ndiyo.

Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Kisha nikauliza, "Na Kima?"

Akaangalia mlango. "Kima? Huyo hapandi tangu siku ile. Kila kazi ikitokea anaomba yeye akakae kituoni. Sisi tumenyamaza tu."

Nilidhani nina mdogo mwenye kinyongo. Kumbe nina mdogo mwenye hofu, na mimi dada yake, wa tumbo moja, sikuiona. Nilimkasirikia kwa ajili ya koti.

Alhamisi, 27 Aprili

Mkutano wa wanachama umeitishwa Jumamosi ya wiki ijayo. Meneja anasema sina ruhusa ya kusema kwa kuwa nimesimamishwa. Amesahau kwamba nina mita nyumbani. Kiti anaweza kuninyang'anya, uanachama hawezi, na mwanachama yeyote akinyoosha mkono husikilizwa.

Mama anasema niombe radhi niishi. Nimemwambia nitaishi bila kuomba.

Jumamosi, 6 Mei

Ukumbi ulijaa, mabati yakipigwa na mvua hadi watu wakawa wanapiga kelele ili kusalimiana. Meneja alisema kuhusu ruzuku. Alisema vizuri, namsifu. Alisema kuna mtu mmoja ndani ya nyumba anataka wote wakose kwa sababu ya kichwa kigumu.

Nikanyoosha mkono. Nikasimulia: mshale, swichi, waya wa ardhi. Nikawaambia wakirudi nyumbani watazame kalenda, juu ya bega langu. Walicheka, na baadhi walikuwa wanamcheka Meneja, naye akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Halafu nikasema ninachotaka: maombi yaandikwe upya, yaseme kweli, na ule waya mpya uchomolewe, usirudi mpaka ufunguo wa mlango uwe wetu wenyewe.

Mama Unga akasimama. Nilijua. "Mimi sina ugomvi na huyu mama. Lakini nina mashine, na mashine haili ukweli. Mwezi mzima nakaa gizani kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea. Nani amekufa? Hakuna aliyekufa. Nataka umeme."

Watu wakampigia makofi. Mengi. Nikaona nimeshindwa, na nikaanza kufikiria maneno ya kuondokea.

Ndipo Kima akasimama. Kima hasemi mbele ya watu. Hata kwenye harusi yake aliitikia kwa kichwa. Hakuangalia mtu.

"Ni mimi ambaye sikufa," alisema.

Ukumbi ukatulia, ikabaki mvua.

"Tangu siku ile sijapanda. Nafika chini ya nguzo, miguu inagoma. Nimekuwa nikisema dada ananinyeshea. Uongo. Naomba mwenyewe kwenda kituoni, ili wenzangu wasijue." Akapangusa uso. "Kazi yangu ni moja tu. Naambiwa laini imelala, naamini, naweka mkono. Siwezi kuiona kama imelala. Hakuna anayeweza kuiona. Kwa hiyo nataka kumjua aliyeilaza. Nataka awe mtu ninayejua anakaa wapi. Mkiuacha ule waya nitatafuta kazi nyingine, na sitawalaumu."

Akakaa. Mwenzake akasimama, akasema na yeye pia. Kisha mafundi wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyesema zaidi ya "Na mimi."

Wanachama waliponyoosha mikono kupiga kura, tulishinda kwa shida. Mama Unga hakunyoosha upande wowote. Alitoka kabla ya kuhesabu, mwavuli kichwani.

Jumatatu, 8 Mei

Wanachama wamenirudisha kwenye kiti, na waya mpya nimeuchomoa. Wa kwanza kunipigia simu alikuwa nani tena.

Ijumaa, 12 Mei

Maombi mapya yamekwenda. Yana kila kitu, hata kalenda. Meneja alitia saini kabla yangu, akiwa ameuma meno, lakini alitia. Mafundi hawatoshi siku hizi, kwa hiyo jana yeye mwenyewe alikwenda kukaa kituoni na redio. Alirudi suruali imejaa matope hadi magotini. "Kule kuna mijusi," aliniambia. Nikamwambia najua.

Ijumaa, 19 Mei

Mhandisi wa wizara amekuja, binti mdogo mwenye maswali makali. Aliuliza nani alichomoa waya. Nikasema mimi. Kwa idhini ya nani? Nikasema sikuwa na muda wa kuomba idhini, mdogo wangu alikuwa juu. Akaandika kwa muda mrefu.

Alipomaliza alimwambia Meneja kwamba fedha hizi zimetengwa kwa ajili ya watu wenye majeraha kama yetu. Meneja akanitazama. Kisha binti akasema ya pili: maombi ya awamu hii yalifungwa wakati sisi bado tunagombana. Mwaka huu hatupati. Tuombe awamu ijayo.

Gari la binti lilipoondoka, Meneja akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia. Tutaomba tena."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo tuna mikono."

Nilitegemea atanifokea. Alivuta pumzi, akauliza nani yuko zamu ya kituoni kesho.

Jumatano, 24 Mei

Mvua. Nikamkuta Kima uani mwa ofisi, amevaa mkanda wa kupandia, anaukaza, anaulegeza.

Jumatano, 31 Mei

Upepo umeangusha waya wa laini ya soko asubuhi. Kima akaingia chumbani kwangu kabla ya kwenda, jambo ambalo hafanyi. Akasema, "Leo napanda mimi." Nikasema sawa. Nikampa redio yake.

Meneja alikuwa kituoni. Akazima kwa mkono, akatia kufuli, akasema kwa redio, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, "Laini imelala, nimeilaza mimi." Kima akarudia neno kwa neno. Nikasikia pumzi yake. Nikasikia mkanda unagonga nguzo, ukasimama. Ukasimama kwa muda mrefu. Kisha ukaanza kugonga tena, kwenda juu.

Simu ikalia. Mama Unga.

"Giza tangu asubuhi. Foleni imefika barabarani. Nyinyi watu..." Akakatiza. Nyuma yake nilisikia wateja wakinung'unika na mvua kwenye bati. "Hebu niambie. Kuna mtu juu ya nguzo?"

"Yupo."

"Nani?"

"Mdogo wangu."

Nilijiandaa kwa tusi, na nilikuwa na langu tayari.

Nikamsikia akiwageukia watu wake, kwa sauti ile ile anayonifokea nayo kila siku: "Kaeni chini. Umeme hauji sasa hivi. Kuna mtoto wa mtu yuko juu."